Sarafu za Macho ya Hobert

Mwamba wa dari ulimwangukia Hobert asubuhi, chini mgodini, na kabla ya adhuhuri wenzake walikwisha kumleta nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Dovie, jirani yao, alisaidia kumwosha. Vumbi la makaa ya mawe lilitoka. Macho yalikataa kufumbika.

Kule milimani maiti huwekewa sarafu mbili juu ya kope mpaka mwili ukakamae. Dovie akachukua rafuni vishaba viwili vya kampuni, ile pesa yenye tundu katikati wanayolipwa wachimbaji, isiyopokelewa popote ila kwenye duka la kampuni yenyewe.

"Si hivyo," akasema Orlena, mke wa marehemu.

"Shoga, pesa ni pesa."

"Miaka yote wamemlipa hivyo. Sasa akasimame mbele za Mungu na muhuri wao machoni? Na hilo tundu, atachungulia kama mwizi dirishani!"

Akajitanda shali, akashuka dukani na vishaba vyote vya nyumba ile. Alitaka sarafu mbili tu za serikali.

Creed, muuza duka, hakumtazama usoni. "Dada Orlena, pole sana. Chukua unga, chukua nyama ya nguruwe. Pesa ya serikali haitoki humu. Nikikupa, kesho mimi sina kazi."

Mchimbaji mmoja aliyekuwa akiota moto akachekelea. "Mpelekee hivyo hivyo, bibie. Huenda na peponi kampuni imefungua duka."

"Likiwako duka lao," Orlena akamjibu, "basi hapo si peponi."

Yule mchimbaji akavua kofia. Akajipapasa mifuko yote. Vikatoka vishaba vitupu. "Nisamehe, mama," akasema.

Orlena akarudi. Akavuta kiti kichwani pa mumewe, akashusha kope kwa vidole viwili, akazishikilia papo hapo huku akisema zaburi aliyoijua kwa moyo. Mchungaji alipoingia, hakuinuka kumpa mkono.

"Niwie radhi, mchungaji. Nina kazi."

Dovie akamlisha mkate wa mahindi kama mtoto. Mabega ya Orlena yakawaka moto, kisha yakafa ganzi.

Jua lilipougusa mlima, mchungaji akasema taratibu, "Dada, mwachie sasa."

Orlena akaondoa mkono. Kope zilibaki zimefumbika. Vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyokakamaa, na Dovie akavisugua kimoja kimoja hadi damu ikarudi.