Lori Lililokuwa Macho

Lori liliingia gereji kinyumenyume, na breki ilipokanyagwa injini ikanyamaza yenyewe. Fundi mkuu, aliyeshika usukani, akasonya. "Haya sasa! Jipya hivi, limeshazimika."

Malori ya dizeli aliyatibu kwa sikio tu. Wenzake walimtania kwamba husikia nati iliyolegea hata akiwa amelala fofofo. Lakini hili la kubebea maziwa, lenye injini na mota ya umeme kwa pamoja, hakulipenda hata chembe. Aliyelijua ni binti yake, fundi aliyerudi kutoka mafunzoni na maneno mengi. Sasa alikuwa ameshajilaza uvunguni akague mkanda wa feni.

"Baba, imelala?"

Ndiyo sheria ya gereji ile tangu zamani: hakuna atiaye mkono kwenye injini mpaka aliyeshika usukani ajibu kwamba imelala, yaani imezimwa. Neno hilo halina utani. Fundi akatega sikio. Hapakuwa na mngurumo wala mtetemo.

"Imelala!" akajibu, kwa sauti ya mtu asiyekosea.

Akajinyoosha kitini. Ndipo jicho likatua kwenye kitaa cha kijani, kinawaka tuli, na kando yake alama ya betri inapungua. Jana binti alimweleza, naye akawa anaitikia tu, mawazo yakiwa kwingine: kitaa hicho kikiwaka, lori liko macho, betri ikishuka, injini hujiwasha bila kumuuliza mtu.

Akabonyeza swichi ya kuzimia lori. Kitaa hakikuzimika. Akabonyeza tena, kidole kikateleza kwa jasho. Apige kelele? Mtoto akishtuka, mkono utaenda wapi? Na akinyamaza je? Ewe Mola, mkono wa mwanawe, na yeye ndiye aliyemwambia autie! Alama ya betri ikashuka tena.

"Toa mkono!" ikamtoka. "Toa, mama, toa!"

"Kuna nini te—"

"Nimesema toa!"

Injini ikanguruma. Chini kitu kikapigapiga, ikafuata harufu ya mpira unaoungua. Fundi akaikandamiza swichi, safari hii akaishikilia mpaka kitaa kikafa, kisha akaruka chini.

Binti alikuwa ametambaa nje, ameukumbatia mkono kifuani. Glavu ilikuwa imekwenda na mkanda. Baba akaupokea ule mkono, akaugeuza, akavipapasa vidole kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo, kimoja kimechubuka na kinavuja damu.

"Ulisema imelala, Baba."

"Sikusikia kitu, nikajibu. Sikutazama." Bado alikuwa ameushika ule mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nusura nikutie kilema kwa ujuaji wangu."

Binti alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa mkono wa ovaroli na kubaki na grisi shavuni. Kisha akakifunga kidole kwa kitambaa, akavaa glavu nyingine, akajilaza tena chali.

"Acha, nitaingia mimi," baba alisema.

"Wewe hulijui. Panda kitini, unitazamie kitaa."

"Mimi? Baada ya haya?"

"Kwani nina baba mwingine?" akasema, na kujisukuma uvunguni.

Fundi alipanda polepole, ameshika mlango kwa mikono miwili. Heri angetukanwa kuliko kuaminiwa hivi.