Paka Aliyehamisha Watoto

Dafrosa alikuwa akimlisha Mzee Walter uji wa shayiri picha ilipoingia kwenye simu yake. Ilitoka kwa bintiye Tulia, baharia katika jeshi la Marekani. Kwa miezi minne sasa meli yake ilikuwa Bahari ya Shamu, kwenye vita, na picha ilionyesha paka wa kijivu na vitoto vitatu juu ya lundo la kamba.

Dafrosa akacheka, akamwonyesha mzee. Habari za paka huyo alikuwa nazo. Tulia na rafiki yake Pamela walimpenyeza melini ndani ya mfuko wa nguo chafu, wakamficha chumbani kwao, maana siku hizi paka hawaruhusiwi.

Mzee Walter hakucheka. Alikuwa na miaka tisini na mitatu, na katika nyumba ile ya wazee alikofanya kazi Dafrosa, mjini Crystal huko Marekani, alijulikana kwa kusema kidogo.

"Vilizaliwa hapo kwenye kamba?"

Dafrosa akasoma ujumbe. Vilizaliwa chini ya kitanda cha Tulia. Jana paka alivibeba kimoja kimoja hadi stoo ya kamba, nyuma kabisa ya meli. Mabinti walivirudisha mara mbili, naye akavihamisha mara mbili.

Mzee akasukuma bakuli. Alisema vita vya Korea vilimkuta ana miaka kumi na tisa, kwenye meli ya kutegua mabomu ya baharini. Nao walikuwa na paka, wa kukamata panya. Asubuhi moja paka huyo akahamisha watoto wake kutoka vyumba vya mbele kwenda nyuma. Wenzake walicheka. Walter alimfuata paka na blanketi, kwa huruma tu, akalala huko. Siku ya pili bomu likapasua mbele ya meli.

"Walikufa kumi na mmoja," alisema. "Mwambie mwanao alale alipo paka."

Dafrosa alikuwa mwanakwaya wa kanisa huko Brooklyn Center, na alijua vizuri mchungaji anavyowakemea wanaoamini ishara za ndege mbaya. Hata hivyo mchana ule, akiwa ndani ya gari, alirekodi ujumbe wa sauti: "Tulia mwanangu, usiniulize kitu. Kalale huko stoo. Nisikilize mimi mama yako."

Tulia alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama ana mambo, lakini sawa, atalala huko.

Kidole cha Dafrosa kikasimama juu ya jina la Philister, mama yake Pamela. Philister alikuwa Mkenya, jirani yao wa ghorofa ya juu kule Brooklyn Park. Mabinti walisoma pamoja, wakajiunga na jeshi wiki moja. Dafrosa akawaza: atanicheka huyu, kesho kanisa zima litajua kwamba Mama Tulia anapiga ramli kwa paka. Akaweka simu kando, akawasha gari.

Kuanzia siku iliyofuata meli ikawa kimya. Kila alichoandika kilibaki na tiki moja. Alhamisi jioni taarifa ya habari ikasema kuna meli imepigwa, bila kusema ipi.

Ijumaa asubuhi, kupitia dirisha la jikoni, aliona gari jeusi likiingia kwenye maegesho. Wanajeshi wawili wakashuka wamevaa sare za heshima, wakatazama namba za milango. Dafrosa akashikilia sinki. Nyayo zikaingia koridoni, zikakaribia mlango wake, zikapita. Zikapanda ngazi.

Kisha akasikia Philister akipiga ukelele.

Tulia alipiga simu Jumapili. Alizungumza Kiswahili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

"Mama, kitanda changu kilikuwa cha chini, kina hewa. Nilipohama, Pam akaniomba akichukue. Nikamwambia chukua tu."

"Ulimwambia habari ya paka?"

"Nilimwambia mama ana mambo yake. Tukacheka."

Droni ilikuwa imepiga chumba kile.

Baada ya mazishi Philister akamwita Dafrosa kwake. "Tulia ameniandikia kwamba mtoto wangu alikuwa kwa kitanda chake. Kwa nini, Mama Tulia?"

Damas, mume wa Dafrosa, alikuwa amemsihi anyamaze. Ukweli ule, alisema, hautamponya mtu. Lakini Dafrosa alisema yote: mzee, paka, ujumbe wa sauti, na ile simu aliyoiweka kando.

Philister akauliza:

"Siku gani hiyo?"

"Jumatatu mchana."

"Jumatatu nilikuwa off. Nilikuwa nimekaa tu hapa." Akamtazama. "Namba yangu ulikuwa nayo."

Akainuka, akafungua mlango.

Tulia aliporudi nyumbani mwezi uliofuata, alipanda ngazi peke yake. Philister akamfungulia. Dafrosa alibaki chini, amesimama katikati ya sebule, akisikiliza kiti kikivutwa juu ya dari, kisha cha pili. Walikaa kwa muda wa saa mbili. Hakuna aliyemwita.