Wimbo wa Kuamsha Ndani ya Murrumba

Hakuna kitu fundi Merv Tregonning alichokichukia ndani ya manowari Murrumba kama tarumbeta la Alby Quirk, mmoja wa wapiga bendi wa meli. Mabomu ya Wajapani aliyaogopa tu, tarumbeta alilichukia. Kila alfajiri, tangu walipoondoka Sydney, Alby aliupuliza wimbo wa kuamsha karibu kabisa na machela ya mafundi wa injini, na Merv aliamka akitukana.

"Siku moja nitakulisha hilo bati lako," alimwambia.

"Litie chumvi kwanza, babu," Alby alimjibu.

Ila kila mapigano yalipoanza, wapiga bendi hawakupuliza kitu. Walishuka chini kabisa ya meli, upande wa kushoto, kwenye chumba cha kupimia shabaha za mizinga. Kazi ile walipewa wao kwa sababu watu waliozoea kwenda pamoja kwa mdundo hawapishani mikono. Wakishaingia, mlango wa chuma ulifungwa juu ya vichwa vyao.

Mchana ule, karibu na pwani ya Guinea Mpya, bomu lilipasua ubavu wa kulia. Bahari ikaingia, meli ikaanza kulalia upande huo. Simu ya wapiga bendi haikuitika, na moshi ulikuwa ukifuka kwenye tundu lao la hewa.

"Wamekwisha," alisema Luteni Hallam. "Jaza maji chumba chao, Tregonning, upande wa kushoto upate uzito. Meli isiponyooka sasa hivi, tunapinduka sote."

Merv alishika gurudumu la valvu ya kuingizia maji. Amri ilikuwa ya haki. Hapo akasikia kitu kikigonga bomba, huko chini.

"Kuna mtu, bwana."

"Vyuma vimelegea hivyo. Meli nzima inagonga. Fungua."

Ni kweli ilikuwa ikigonga: masufuria, minyororo, kila kitu. Merv akabandika sikio kwenye bomba. Ko, ko-ko, ko. Kimya. Kisha tena vilevile. Wimbo ule aliujua nje ndani, maana ndio alioutukana kila alfajiri.

"Huyo Quirk," alisema. "Anatuamsha, mshenzi yule."

Luteni aliyatazama maji yaliyokuwa yakipanda. "Haya, nenda. Lakini meli ikizidi kulala, valvu naifungua mwenyewe."

Mlango ulikuwa umepinda. Merv na wenzake wawili waliutia mtaimbo, wakausukuma mtaimbo huo kwa migongo huku sakafu ikiwateleza. Mlango ulipoachia, wapiga bendi wakatoka mmoja mmoja, weusi kwa moshi, wakikohoa. Alby alitoka wa mwisho. Chuma alichogongea kilikuwa kimemponyoka gizani, akaendelea kwa ngumi, na vidole vyake vilikuwa vimevunjika.

"Umechelewa kuamka, babu," alisema.

Merv alikimbilia valvu akaifungua, machozi yakimtoka bila aibu, na Murrumba ikaanza kunyooka polepole.

Kesho yake alfajiri, wakijikokota kurudi Brisbane, tarumbeta halikulia. Merv alikuwa macho, akingoja kitu alichojua hakiji, na ukimya ule ulimuuma. Akashuka kwenye machela, akachukua spana, akaugonga wimbo wote kwenye bomba lililopita juu ya wenzake. Wakamtukana yeye na ukoo wake mzima. Akaanza upya, kwa nguvu zaidi, ili usikike hadi chumba cha wagonjwa, alikolazwa Alby.