Nguo ya Wajina

Wivu ulimwingia Fadhila mchana kweupe, kwa fundi Protais pale Mulongwe, na wala haukumwomba ruhusa.

Alipita kununua uzi tu. Akakuta Protais ametandaza kitenge cha kijani, na pembeni amesimama yule Sabine, Mzungu wa kituo, anacheka. Nguo ya mtoto mchanga ilikuwa tayari. Ya mtu mzima bado vipande. Sabine kumwona tu, akakifunika kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Ya nani hiyo?"

"Ah... siri," Sabine akasema, uso mwekundu.

Siri! Fadhila hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kwao akina Jolie, mama wa kichanga hicho, mtoto mchanga hutolewa nje mara ya kwanza asubuhi, mbele ya jamaa, na anayemtoa ni yule ambaye mtoto anapewa jina lake, wajina wake. Wawili hao huvaa kitambaa kimoja. Wajina humnyanyua mtoto juani na kutaja kwa sauti jina lake mwenyewe, si la mwingine. Kabla ya hapo halisemwi, hata baba hathubutu kulinong'ona.

Na huyo Jolie, nani alimtoa kwenye tope, mimba tumboni, mafuriko yalipobomoa nyumba yake? Fadhila. Nani alimpeleka kituoni, wanakosaidiwa watoto na akina mama waliokosa makao? Fadhila. Nani alilala naye sakafuni pale maternité, wodi ya wazazi? Fadhila huyo huyo! Miaka arobaini imempita, hajazaa, mume alishakwenda zake kwa sababu hiyo. Hakutaka shukrani nyingine. Alitaka jina lake libaki kwa mtu mmoja duniani, likiitwa barabarani wageuke wawili.

Ndipo akaja Sabine kutoka Ubelgiji, kujitolea miezi michache. Anawapulizia watoto mapovu ya sabuni, basi, amekuwa malaika! Akiosha vikombe viwili, watu wanampigia makofi. Fadhila anasugua masufuria tangu kituo kifunguliwe, nani amewahi kumpigia hata mluzi? Watoto waliokuwa wakimng'ang'ania yeye sasa wako kwenye magoti ya Mzungu. Na bado, eti na jina pia. Lakini angetegemea nini? Watu wa kanisa wampe binti yao jina la Kiislamu? Alijiona mjinga, na roho ikamuuma kweli kweli.

Jioni Jolie akaja, naye humwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya Fadhila, kesho asubuhi usikose. Ukuye mapema."

"Sabine naye iko anakuya?"

"Iko anakuya! Yeye njo analeta nguo."

"Sawa, mama," Fadhila akajibu, meno nje, moyo unachemka.

Kulipokucha akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda zake Runingu kwa shangazi, simu ameizima. Nikasimame pale nishike sahani, huyo Mzungu wa juzi akitangaza jina lake? Miye? Thubutu! Akawa anamenya mihogo kwa hasira, mpaka shangazi akamuuliza nani amekufa.

Lakini wivu hauachi mtu akae. Mchana haujaisha, akarudi mjini, na miguu yenyewe ikampeleka kwa Jolie.

Uani alimwona Sabine amevaa lile vazi la kijani. Loo! Mabega yameporomoka, kiuno kimekusanywa kwa pini nyuma, na humo wangeingia akina Sabine wawili. Fadhila akacheka moyoni: hata Protais leo amekosea.

Jolie hakucheka. Macho yalikuwa yamevimba.

"Weye ulikuwa wapi, yaya? Tulipiga telefone mpaka tukachoka. Ndugu yangu Patient alikwenda na moto mpaka kwako Rugenge, akakuta kufuli."

"Mulinitakia nini? Wajina si muko naye?"

Jolie akageuka kuangalia ndani. Mama yake ndiye aliyejibu kutoka mlangoni.

"Jua lilikuwa linapanda, mwanangu. Mtoto akishavuka mlango harudishwi ndani bila jina. Tulikungoja weye. Huyu alikatala, akalia, akasema siyo yake. Tukamuvalisha kwa nguvu."

Fadhila akaitazama tena ile nguo. Mabega mapana. Nyonga pana. Na ubavuni, mfuko mkubwa wa funguo, ambao Protais humshonea yeye peke yake, kila nguo, mwaka nenda mwaka rudi. Vipimo vyake vyote vilikuwa pale, juu ya mwili wa mtu mwingine.

"Jolie alinituma ninunue kitenge, usijue," Sabine akasema, mtoto mikononi. "Mama Fadhila, waambie wabadilishe jina. Bado mdogo, hajalijua."

"Halibadilishwi," bibi akasema taratibu. "Limeshatajwa."

Fadhila akanyoosha mikono. Wakampa mtoto. Alikuwa mwepesi, analala, kitenge chake kimemkaa sawasawa. Fadhila alitaka kumwita, akakuta hana la kumwita. Akamrudisha kwa mama yake.

Barabarani watoto wa kituo walikuwa wanapita, wakachungulia penye ua. "Sabine! Sabine!"

Sabine akageuka. Na Jolie, akijifuta macho, akamgeuza binti yake naye awaone.