Mgodi Waaga Kandambili

Mlango ulipogongwa, Deusdedit alikuwa akisifiwa, na mtu anayesifiwa hapendi kugongewa mlango.

Waandishi wote saba wa tovuti ya Kanda Dijitali, inayoandika habari za teknolojia na biashara, walikuwa kikaoni kwenye Baraza. Baraza ni programu ya ofisi zinazojiona za kisasa: humo watu hupeana kazi, hutumiana mafaili, hukutana kwa video, na kila aliye hewani huwa na kitone cha kijani kando ya jina lake. Klara, mhariri aliyekuwa Dar es Salaam, alikuwa akisema kwamba makala ya Deus ndiyo iliyosomwa kuliko zote mwezi ule, na kwamba kampuni yenye Baraza imeomba kuiweka kwenye ukurasa wake wa mbele. Vikopa vyekundu vya pongezi vilipanda kwenye skrini. Deusdedit, peke yake katika chumba chake cha kupanga mjini Shinyanga, alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Hodi."

Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, kitenge kimekazwa kiunoni, mkononi bahasha ya kaki ya hospitali. Viatu alikuwa amevua nje. Deusdedit alizima kamera na maikrofoni.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Deusdedit mwandishi?"

"Ndiye mimi."

"Basi nisamehe," alisema kabla hata hajakaa. "Mimi ni Mama Lusia wa Mwakitolyo. Nimekuangalia usoni hapa, nimejaribu sana, lakini sikukumbuki."

Hakumkumbuka kwa sababu hawakuwahi kuonana. Deusdedit alilijua hilo vizuri.

Tuuseme ukweli hapahapa, maana yeye alichukua muda mrefu kuusema. Makala yenyewe, iliyotoka miezi mitatu nyuma, iliitwa "Mgodi Waaga Kandambili". Ilieleza jinsi kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo kilivyoanza kutumia Baraza kujua nani yuko chini ya duara, yaani shimo lao la dhahabu, na nani ametoka. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Mama Lusia. Wachimbaji hushuka na mabuti, kandambili hubaki juu. Kila aliyeshuka alipita kwanza kwenye banda lake, akamwachia kandambili ya kushoto, naye akaitundika ubaoni. Akitoka, anaichukua. Hakuna mwanamume anayekwenda nyumbani na kandambili moja, kwa hiyo hakuna aliyempita. Mama Lusia hajui kusoma wala kuandika, lakini kwa miaka kumi na moja alijua kila kandambili ni ya nani kwa jinsi ilivyolika kisigino, na ubao ukibaki na moja tu alipiga kelele mpaka mwenyewe apatikane.

Siku ya kwenda kuyaona hayo mvua ilinyesha, na Deusdedit hakwenda. Alimpigia simu katibu wa kikundi, Thobias, akapewa jina la mama huyo na picha ya ubao. Klara alitaka sauti ya mtu wa chini kabla ya saa kumi jioni. Basi akaitunga. Wala hakuona kosa, maana kwa miaka sita alikuwa akiwatungia wakurugenzi maneno. Mkurugenzi hujikuta amesema jambo zito kwenye habari, hupiga simu kushukuru, na maisha yanaendelea. Aliona anampa Mama Lusia zawadi ileile. Aliandika: "Nilikuwa gizani, anasema Mama Lusia (58). Kichwa cha mtu husahau, simu haisahau. Hata hizo kandambili nimewaambia waziache." Alipomaliza aliona mama huyo amezungumza vizuri kweli.

"Lusia wangu ndiye alinisomea," mama alikuwa akisema sasa, ameketi ukingoni mwa kiti. "Yuko Kahama, anauza kwenye duka la dawa. Alipiga simu anacheka, mama umetoka kwenye habari! Nikamwuliza nimesema nini. Akanisomea. Sikukumbuka hata neno moja. Sikukumbuka mgeni, sikukumbuka siku. Na umri, mwanangu! Mimi nilijua nina hamsini na mbili. Nikasema, basi, kama mpaka huo umenitoka, kichwa kimekwisha."

Aligusa kilemba chake kidogo, kama mtu anayegusa jeraha.

"Anayesahau hawezi kulinda watu walio chini. Thobias alipokuja kuuondoa ubao sikubisha. Nilimsaidia kung'oa misumari."

Deusdedit alitazama skrini. Vikopa vilikuwa bado vinapanda.

"Sasa Jumatatu," Mama Lusia aliendelea, "vijana walitoka jioni. Pale kwetu mtandao haushiki mpaka upande kichuguu. Mwigulu, kiongozi wa zamu, akapanda, akabonyeza mara moja kwamba wote wametoka. Watu kumi na tisa, vitone kumi na tisa vya kijani. Mimi nawapakulia ugali, ndiyo kazi yangu siku hizi. Kichwa kikaniambia Bujiku hayumo. Nikamfuata Thobias. Hakunitukana, alinionyesha simu kwa upole kabisa. Akasema, mama, si wewe mwenyewe ulisema kichwa cha mtu husahau? Nikaona ni kweli. Nikarudi kwenye sufuria."

Bujiku alipatikana asubuhi, mkewe alipokuja kumuulizia. Ukuta ulikuwa umembana mguu tangu jana yake. Alikuwa hai, amelazwa hospitalini hapo mjini, na mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Mama Lusia ndiye aliyemsindikiza, na kwa kuwa amekwisha kufika, akaona naye amwone daktari.

"Daktari ameniuliza, ulianza lini kusahau? Nikamwambia dalili ya kwanza ni siku ile mwandishi alipokuja. Akasema nimtafutie tarehe, na niulize nilikuwaje. Ndiyo nimeulizia mpaka nimekufikia." Alimtazama kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba. "Niambie, baba. Siku ile nilikuwa naongea sawasawa?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mtu ni mmoja, na maneno yenyewe hayafiki kumi. Deusdedit aliona aibu inampanda kutoka miguuni, akafanya kile ambacho aibu humfundisha mwoga. Aliongeza uongo.

"Ilikuwa Alhamisi," alisema. "Tarehe kumi na nne. Ulikuwa sawa tu, mama. Labda uchovu kidogo."

"Nilivaa nini?"

"Kitenge... cha njano."

"Cha njano." Mama Lusia alifikiri, na hofu ikamjia machoni. "Mimi sina kitenge cha njano." Kisha kwa sauti ndogo, "Labda nilikuwa nacho."

Aliomba aandikiwe kwenye karatasi, ampelekee daktari. Deusdedit aliandika tarehe, akaandika uchovu kidogo. Alimwandikia mtu mzima ugonjwa kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri. Mama Lusia aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akashukuru mara tatu, akatoka.

"Deus, upo?" Klara alikuwa akiita. "Kitone chako ni cha kijani lakini hatukuoni. Hebu waeleze wenzako ulimpataje yule mama. Ile sauti, ile lugha. Wengi hapa wanashindwa kuwafanya watu wa kawaida wafunguke."

Aliwasha kamera na maikrofoni. Nyuso saba zilimsubiri, moja ina kalamu tayari.

"Sikumpata," alisema. "Sikufika Mwakitolyo. Yale maneno ni yangu."

Kikopa kimoja kilichochelewa kilipanda, kikapotea. Klara alikohoa, akasema hilo wataliongea wawili faragha, na kwa sasa Deus asimwambie mtu wala asiandike chochote mahali popote. Deusdedit alifunika kompyuta. Aliona kuwa kukiri kwa mhariri kulikuwa rahisi, maana mhariri alijali tovuti tu. Aliyekuwa akimwogopa alikuwa anatembea kwa miguu kurudi hospitali.

Alimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, katikati ya watu kama kumi na watano, karatasi ameikunja kiganjani. Deusdedit alichuchumaa mbele yake. Hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye kitenge.

"Mama, huna kitenge cha njano. Hukuwahi kuwa nacho. Mimi sikuja. Siku ile kulikuwa na mvua, nikakaa nyumbani, nikayatunga yale yote. Hatujawahi kuonana mpaka leo asubuhi."

Mama Lusia aliikaza karatasi kiganjani.

"Na miaka yangu?"

"Nilikisia."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Na tuseme ukweli wake, alikuwa pia na tumaini dogo la kijinga kwamba mama huyu angefurahi kusikia hana ugonjwa, na furaha hiyo ingemfunika yeye. Mama Lusia alifumba macho. Midomo yake ilianza kwenda polepole, ikitaja majina ya watu walioshuka Jumatatu, mmoja mmoja kwa mpangilio wa ubao ambao haukuwapo tena. Mwita. Donatus. Fredy mwenye kandambili ya bluu iliyoshonwa kwa waya. Nasibu. Alifika kumi na nane bila kukwama, akafungua macho.

"Na Bujiku," alisema. "Kwa hiyo nilijua."

"Ulijua, mama."

"Nilijua, nikarudi kwenye sufuria." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Uliniondolea kichwa changu mwenyewe. Nilikuamini wewe, nikaacha kujiamini mimi."

Deusdedit alisema nisamehe, na neno lenyewe likamwonea haya. Mama Lusia alifungua ile karatasi, akaigeuza upande mtupu, akamrudishia.

"Andika hapa. Andika kwamba hukuja."

Aliandika juu ya goti, akatia sahihi. Mama Lusia aliipokea, safari hii kwa mkono mmoja. Aliitazama mistari asiyoweza kuisoma, kisha akamtazama aliyeiandika, halafu akamwita nesi aliyekuwa akipita na mafaili.

"Dada Agnetha, nisaidie. Nisomee hii, kwa sauti. Nijue kama ameandika alichosema."

Nesi Agnetha alisoma. Alikuwa na sauti ya kuita majina ya wagonjwa, sauti inayofika hadi getini. "Mimi Deusdedit, mwandishi wa habari, sikuwahi kufika Mwakitolyo wala kuzungumza na Mama Lusia. Maneno niliyoandika kuwa ni yake niliyatunga. Hana tatizo la kusahau." Benchi zima liligeuka. Mzee mmoja alisema, "Mh!" na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasogea pembeni kidogo.

"Asante, dada." Mama Lusia alisimama, akajifunga kitenge upya, akamrudishia Deusdedit karatasi. "Daktari simhitaji tena. Bujiku yuko wodi ile ya mwisho, kitanda cha dirishani. Nenda ukamsomee mwenyewe, yote, na ujibu atakachokuuliza."

"Nitakwenda, mama. Naahidi."

"Ahadi yako sijui nitaiweka wapi." Alinyoosha mkono, akaonyesha sakafu mbele ya miguu yake. "Vua kiatu. Cha kushoto."

Deusdedit aliangalia huku na huku. Hakuna aliyemsaidia kwa kutazama pengine. Aliinama, akafungua kamba, akakivua. Mama Lusia alikichukua, akakigeuza, akakiangalia kisigino kilivyolika, kisha akakiweka chini ya benchi, sawa na miguu yake, akaketi.

"Haya, nenda," alisema. "Mimi niko hapa mpaka utoke."

Alitembea kwenye ukumbi ule mrefu, kiatu kimoja kikigonga, soksi moja ikinyamaza, mpaka kwenye kitanda cha dirishani, ambako Bujiku alikuwa amelala akimwangalia miguu.