Mke Mwenza kutoka Ng'ambo ya Ruvuma

Ulimi wa Bi Mwanaheri haukujua likizo. Newala nzima ilimjua hivyo. Hata muuza maji alisukuma baiskeli yake mbio akipita mlangoni pake, asije akadakwa. Basi siku alipoletwa Oliva, mtoto wa miaka minane kutoka Msumbiji, amejiziba mdomo kwa kiganja, bibi huyo hakumpa pole wala hakumwonea huruma. Alimkagua juu mpaka chini, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Faridi, ndiyo nini hii? Umeniletea mke mwenza bila hata kuniambia?"

"Nimechoka na uji wako wa madonge," akajibu mzee Halfani.

Mtoto akacheka. Kiganja hakikutoka mdomoni, lakini mabega yalimtikisika. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka tangu kuzaliwa, mpaka puani, na madaktari wa kujitolea walikuwa wanakuja Masasi kushona midomo ya watoto bila malipo. Mjomba wake Vitalis, aliyejuana na wazee hao kwenye biashara ya korosho, alimvusha mto, akamwacha kwao, akarudi kwa mkewe aliyekuwa karibu kujifungua.

Siku zile za kungoja madaktari, nyumba ilichangamka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Mume wetu umemwamsha, au unaniachia mimi kazi zote?"

Kimakonde ni kilekile ng'ambo zote mbili, kwa hiyo utani haukuhitaji mkalimani. Oliva alicheka kutwa, ila nyuma ya kiganja. Hata kula alikula amegeukia ukuta. Bi Mwanaheri aliapa moyoni kwamba mtoto huyu haondoki kabla hajamwona akicheka uso mzima. Wajukuu zake mwenyewe walikuwa Dar es Salaam, wakipiga simu Idi mpaka Idi. Huyu alimpenda, tena kwa pupa.

Upasuaji ulikwenda salama. Muuguzi Scholastika akamwita bibi pembeni.

"Mama, uji na supu tu. Asilie. Na mumwangalie sana asicheke, nyuzi zitaachia."

Bi Mwanaheri aliona kabisa kwamba maneno hayo yamemlenga yeye.

Waliporudi Newala akajifunga ulimi. Akisalimiwa, alijibu, "Marahaba, Oliva," basi, akaweka uji na kutoka. Utani ukimjia, alikimbilia uani kubangua korosho. Mzee Halfani naye alipigwa marufuku, akawa anakula kimya kama yuko msibani. Bi Mwanaheri alijiona amefanya jambo kubwa, maana kwake kunyamaza kulikuwa kazi kuliko kulima.

Siku ya saba uji wa asubuhi ukarudi haujaguswa. Wa jioni pia. Scholastika akasema kwenye simu kwamba asipokula kidonda hakitafunga vizuri. Bi Mwanaheri akatoka mbiombio kumtafuta mtoto, akamkuta amekaa kizingitini, kifurushi cha nguo mapajani, macho ameyaelekeza bonde la Ruvuma.

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Mjomba." Aliongea polepole, mdomo ukifunguka kidogo tu. "Nilipokuwa mbaya mlinipenda. Sasa nimeshonwa, mmenichoka."

Bi Mwanaheri akakaa chini vumbini. Wiki nzima ya kujizuia, kumbe alikuwa anamuumiza mtoto wa watu.

"Nani kakuchoka? Nimekatazwa kukuchekesha. Nikikuita utacheka, ukicheka utachanika, na ukichanika mimi nitakufa. Ndiyo maana nikanyamaza, mama."

Oliva akaweka kifurushi chini.

"Niite tu. Sitacheka."

"Mke mwenza," akaita bibi, kwa sauti nzito ya mtu anayetangaza kifo.

Mtoto akakaza mashavu. Ni macho tu yaliyocheka.

"Abee, bibi."

"Kunywa uji."

Akaunywa wote. Tangu hapo walitaniana kwa nyuso kavu, na mzee Halfani, aliyekuwa mwepesi wa kucheka, ilibidi awe anatoka nje.

Nyuzi zikatolewa, mdomo ukapona, na Vitalis akaja na pikipiki kumchukua. Asubuhi ile kiganja cha Oliva hakikukaa mbali na mdomo. Bi Mwanaheri alimfunga kanga mpya, akamfungia korosho za kukaanga za kumpelekea mama yake, akajipa moyo kwamba mdomo mzima unatosha, mengine atayaona Mungu.

Pikipiki ikawaka. Oliva, juu ya kiti, kifurushi mikononi, akageuka.

"Mume wangu!" akamwita mzee Halfani. "Huyu bibi kizee akikusumbua, vuka mto. Uji wangu hauna madonge!"

Akacheka. Akacheka kwa sauti, meno yote nje, kovu jembamba likinyooka chini ya pua, na mikono yote miwili ikabaki pale pale kwenye kifurushi.

Bi Mwanaheri alifungua mdomo amrudishie utani. Alijiziba mdomo kwa kiganja, akalia.