Kofia ya Miguu Minne

Vita vilipofika mtaa wa Nyakasanza, Katsuva alikuwa ameinama juu ya mikroskopu yake, na mkewe Jeannine alikuwa amekwisha kufunga godoro kwa kamba. Majirani walikuwa wanakimbia, wakishika barabara ya Komanda. Bunduki zililia ng'ambo ya soko, zikikaribia kama mvua inayopanda mlima.

"Papa Mireille, twende," Jeannine akamwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Beni.

"Acha nitafute kwanza."

Kilichompotea hakikuonekana kwa macho matupu. Katsuva alikuwa amesoma elimu ya mawe, na mwenzake wa masomo alimtumia kutoka kisiwa cha Kuprosi unga wa jiwe jekundu lililoyeyushwa kwa asidi. Ndani mlikuwa na maganda ya radiolaria, vidudu vya bahari vya zamani mno: vidogo kuliko chembe ya chumvi, vya kioo, vimejaa matundu kama chekeche. Kazi yake ilikuwa kuvitenga, vya mviringo huku, vya umbo la kofia kule, halafu kuhesabu vyumba na miguu mpaka ajue kila kimoja ni cha ukoo gani. Kofia za unga ule zilikuwa na miguu mitatu. Asubuhi hiyo alipata moja yenye minne. Akaishika kwa brashi ya unywele mmoja, na papo hapo bomu likaanguka, meza ikatikisika. Kutazama tena, kofia haipo.

"Nikiondoka bila hiyo, nani ataniamini kama niliona ya miguu mine?" alisema.

Mbambu, jirani yao, alichungulia uani na sufuria kichwani. "Mama Mireille, mungali hapa? Muzee anangoja nini?"

"Ganda ya mududu wa bahari."

"Bahari iko wapi hapa? Muambie risasi haitangoja samaki." Akaenda zake.

Jeannine alijua kungoja. Hata maharagwe ya mwaka jana, yasiyoiva upesi, aliyangoja jikoni bila kununa. Lakini risasi si maharagwe. Akaisogelea meza, akasogeza kando kikombe cha chai kilichokwisha kunywewa, akaitazama ile brashi. Kila siku mumewe aliilamba ncha, kama fundi anavyolamba uzi kabla ya kuuingiza kwenye sindano.

"Papa Mireille, bomu ilipolia, ulilamba brashi."

"Ninalambaka kila siku."

"Kila siku unalamba mbele ya kushika. Leo ulilamba nyuma ya kushika, ganda iko kwa ncha."

Katsuva akainua kichwa. "Uliona ganda ikiingia?"

"Niliona kinywa. Ganda ningeionaje?"

Akapitisha ulimi kwenye meno ya mbele, halafu kwenye magego, taratibu.

"Usiitafute huko," Jeannine akamwambia. "Imekwisha kwenda na chai."

"Basi nimekula kitu ambacho mamilioni ya miaka hayakuweza kukila."

"Itatembea na weye mpaka Beni. Hapa haiko tena."

Mzee akacheka kidogo, bila furaha. Kisha akachomoa lenzi, akaivingirisha ndani ya soksi. Chupa ya unga akampa mkewe. "Kama ilikuwa na ndugu, watakuwa humu." Jeannine akaifunga kwenye pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni, Katsuva akajitwika godoro, wakatoka.

Walimkuta Mbambu kwenye kona, anapumzisha shingo.

"Muzee alipata kitu yake?"

"Anaibeba tumboni," Jeannine akajibu.

Mbambu alimtazama Katsuva juu mpaka chini, akajitwika sufuria yake, akawapisha ili godoro litangulie.